Je, Wajua? Kuchemsha Maji Hakuondoi Floraidi

Moto huua vijidudu, lakini floraidi, madini yanayopatikana majini, hubaki. Tena kadiri mvuke unavyotoka, ndivyo inavyozidi kukolea katika maji yaliyobaki sufuriani.

Jambo hili lina uzito katika Mkoa wa Kaskazini ya Kati, Sri Lanka. Tangu miaka ya 1990, madaktari huko wamekuwa wakipokea wakulima wa mpunga ambao figo zao zimechoka polepole, ilhali hawana kisukari wala presha. Inauma kuona mtu wa jembe akiishia hivyo. Chanzo bado kinabishaniwa: yametajwa joto kali la shambani, viuatilifu, na maji ya visima yenye chokaa na floraidi nyingi. Wanavijiji hawakungoja mabishano yaishe. Sasa vijiji vingi vina mitambo inayosukuma maji kwa nguvu yapenye utando wenye vitundu vidogo mno, madini yakabaki nyuma. Watu huja na madumu yao kununua ya kunywa na kupikia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nako Arusha na Meru, Tanzania, visima na chemchemi nyingi huvuka hapo. Ukichota huko, omba maji yako yapimwe.