Mtoto "Asiyefundishika": Barua Iliyozaa Chama cha Mencap

Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 iliwafungulia watoto wa England na Wales milango ya sekondari bila ada, lakini kundi moja liliachwa nje, kwa kuwa sheria hiyohiyo iliruhusu mtoto mwenye ulemavu wa akili, yaani yule ambaye uwezo wake wa kuelewa na kujifunza hukua polepole kuliko wa wenzake, atangazwe kuwa "asiyefundishika". Neno hilo lilimtoa mtoto mikononi mwa walimu, na wazazi wengi wakabaki ama kumlea nyumbani bila msaada, ama kumpeleka katika hospitali kubwa ambako angeweza kuishi maisha yake yote.

Mwaka 1946 Judy Fryd, mama aliyekuwa na binti wa namna hiyo, aliandika barua katika jarida la malezi la Nursery World akiwaita wazazi wenzake waungane, na kutokana na wingi wa majibu aliyoyapata kikazaliwa chama cha hiari, kisichotafuta faida, ambacho leo kinajulikana kwa jina la Mencap. Nguvu yake ilitokana na wazazi wenyewe, ambao kila siku walimwona mtoto aliyehukumiwa kuwa hafundishiki akijifunza kushika kijiko, kuvaa kiatu na kuitambua sauti ya ndugu yake.

Hata hivyo, ushuhuda wa wazazi ulihitaji kuthibitishwa kitaalamu, na mwaka 1958 chama kikausaidia utafiti wa mwanasaikolojia Jack Tizard, ambapo watoto 16 walihamishwa kutoka Hospitali ya Fountain jijini London hadi Brooklands, nyumba iliyokuwa Surrey, huku wengine 16 waliolingana nao wakibaki hospitalini ili maendeleo ya makundi hayo mawili yalinganishwe. Huko Brooklands watoto waliishi katika vikundi vidogo mithili ya familia, kila kikundi na walezi wake, wakacheza na mchanga na maji kama wafanyavyo watoto wa chekechea, na baada ya miaka miwili walikuwa wamewapita kwa mbali katika kuzungumza wenzao waliobaki wodini.

Sheria iliyopitishwa mwaka 1970, na kuanza kutumika Aprili 1971, ilihamishia jukumu la watoto hao kwa mamlaka za elimu, na kwa hatua hiyo hapakuwa tena na mtoto aliyeweza kuitwa asiyefundishika kisheria. Fryd, aliyefariki mwaka 2000, aliishi kuyaona mabadiliko hayo, na historia ya chama chake inawahusu pia wasemaji wa Kiswahili, ambao nao wanaendelea kuliacha neno "taahira" na kusema "mtoto mwenye ulemavu wa akili", wakimtanguliza mtoto kabla ya ulemavu wake.