Kurudi Shuleni au Kubadilisha Kazi Ukiwa Mtu Mzima: Tufanye Nini na Mashaka?



Kuna swali ambalo wazazi wengi katika makanisa yetu ya Mashariki wanalo moyoni, lakini wachache wanalitaja mbele ya wengine: «Nimepita miaka 40. Je, ninaweza kurudi shuleni? Je, ninaweza kuacha kazi niliyoizoea na kuanza nyingine?»

Swali hilo si jipya, ila miaka hii limekuwa zito zaidi. Wakulima wengi wa Masisi na Rutshuru wamekimbia mashamba yao, na leo wanatafuta maisha mjini bila jembe. Vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, banki zilifunga milango na biashara nyingi zikasimama. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wafanyakazi wengi wa ONG wakabaki bila mkataba. Watu hao si vijana. Wana watoto, wana wazee wanaowatazamia, na wanaulizwa kila siku nyumbani: «Tutakula nini?»

Hatuna jibu moja linalofaa kila mtu. Tunalotaka kusema ni hili: mashaka haya si dhambi, wala si alama ya imani ndogo. Mara nyingi ni maswali matatu au manne yaliyofungwa pamoja kama mzigo mmoja. Tukiufungua mzigo, tunaweza kujibu moja moja.

Mashaka yanatoka wapi

La kwanza ni haya. Baba wa watoto sita anaogopa kukaa kwenye benchi moja na kijana wa umri wa mtoto wake. Mama aliyeacha masomo kwa sababu ya ndoa anaogopa kusikia: «Huyu naye anatafuta nini?» La pili ni pesa: minervali ya mzazi inashindana na minervali ya watoto. La tatu ni hofu ya kupata karatasi bila kupata kazi. La nne ni akili: «Kichwa changu bado kinashika?»

Tuanze na hili la mwisho, maana jibu lake ni fupi. Mtu mzima anaweza kusahau haraka mambo ya kukariri, lakini anashika vizuri somo linalogusa kazi anayoijua. Mama aliyeuza sokoni miaka kumi na tano hafundishwi hesabu ya faida kama mtoto. Anafundishwa kuiandika tu.

Ujue mlango unaotaka kuingia

Watu wengi wanasema «kurudi shuleni» kama vile kuna mlango mmoja. Milango ni mingi, na kila mmoja una bei yake na muda wake.

Kwa asiyejua kusoma na kuandika, kuna vituo vya kusomesha watu wazima, na vingine viko ndani ya parokia zetu.

Kwa aliyeacha sekondari katikati, si lazima arudi kuvaa uniforme. Nchi yetu inakubali mtu ajitayarishe mwenyewe na kufanya Examen d'État kama «autodidacte». Majina yanakusanywa mapema, kwa hiyo aende kwa inspekta wa eneo lake mwanzoni mwa mwaka wa shule, aulize masharti na tarehe.

Kwa aliyeacha chuo kikuu zamani, ajue kwamba mpango umebadilika. Zamani ilikuwa graduat ya miaka mitatu, kisha licence ya miaka miwili. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vimeingia katika mpango wa LMD, ambamo licence ndiyo daraja la kwanza. Aliyesimama katika G2 asidhani atarudi pale pale alipoacha. Apeleke karatasi zake za alama kwa sekretari wa chuo, aulize wanamhesabia nini.

Kwa muuguzi A2 anayetaka kupanda, mlango ni ISTM au chuo kingine cha afya. Kwa anayetaka kazi ya mikono, kama ushonaji, useremala, kusudi au kutengeneza mikate, foyer social au kituo cha ufundi kinaweza kumfaa kuliko chuo, na muda wake ni mfupi.

Mtu akishajua mlango wake, nusu ya mashaka inapungua. Haulizi tena «Nitaweza?» bali «Nitaweza hiki, kwa muda huu, kwa bei hii?»

Kuketi na kuhesabu

Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaanza na kushindwa kumaliza (Luka 14:28-30). Basi tuketi.

Tuchukue mfano wa muuguzi A2 mwenye miaka 43. Tuseme chuo kinaomba dola 400 kwa mwaka, na usafiri, fotokopi na silabasi ni dola 200. Jumla ni dola 600 kwa mwaka, yaani dola 1 800 kwa miaka mitatu. Tuseme tena kwamba karatasi mpya itamwongezea dola 50 kwa mwezi. Hiyo ni dola 600 kwa mwaka. Atamaliza akiwa na miaka 46, na pesa yake itakuwa imerudi akiwa na miaka 49. Bado ana miaka ya kufanya kazi mbele yake. Hesabu hiyo inasimama.

Lakini ikiwa lazima aache kazi ili asome, mshahara anaoupoteza nao ni gharama. Ikiwa analipwa dola 80 kwa mwezi, atapoteza dola 2 880 kwa miaka mitatu, na gharama yote itakuwa dola 4 680. Kwa nyongeza ile ile ya dola 50, atahitaji karibu miaka minane kuirudisha. Hapo ndipo masomo ya jioni, hata kama yanachosha, yanakuwa na maana.

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake, kwenye karatasi, pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Aandike pia minervali ya watoto. Shule za msingi za Serikali ni za bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa. Mzazi mwenye watoto wawili wanaomaliza sekondari mwaka huu huenda akiongojea mwaka mmoja, mzigo utapungua. Kungojea kwa mpango si kukata tamaa.

Karatasi si kazi

Hapa tuseme ukweli. Tunawajua walimu wenye diploma nzuri ambao wamefundisha miaka mingi bila mshahara wa Serikali, wale wanaoitwa «nouvelles unités», wakingojea jina lao liingie kwenye listi ya malipo. Diploma haikuwadanganya, lakini haikuwalipa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tafuta watu watatu waliopata karatasi hiyo unayoitaka katika miaka mitano iliyopita. Waulize: «Mmepata kazi? Baada ya muda gani? Wanawalipa nini?» Usimwulize anayeandikisha wanafunzi peke yake, maana kazi yake ni kuandikisha.

Jaribu kabla ya kuacha

Mtume Paulo alikaa Korinto na Akila na Prisila, akashona hema pamoja nao huku akihubiri (Matendo 18:1-4). Kazi moja ilisaidia nyingine. Nasi tunaweza kujaribu kazi mpya bila kuvunja ya zamani. Anayetaka kushona, ashone Jumamosi miezi mitatu kwa fundi anayemjua. Anayetaka Examen d'État, akope vitabu vya mwaka wa sita na kusoma saa moja kila jioni kwa mwezi mmoja. Akiona anaendelea, ajiandikishe. Akiona haiwezekani, amepoteza jioni chache, hakupoteza akiba ya nyumba.

Kanisa lisaidie nini

Mara nyingi tunawatia moyo ndugu hawa kwa mfano wa Musa, aliyekuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7:7). Mfano ni mzuri: unaonyesha kwamba umri peke yake haufungi mlango. Lakini haujibu swali la minervali, wala la nani atapika jioni mama akiwa darasani.

Parokia inaweza kufanya mambo madogo yenye uzito. Ifungue chumba chenye mwanga jioni kwa wanaosoma. AVEC, MUSO na likelemba zetu zikubali mkopo wa masomo ya mzazi, si wa biashara na matanga tu. Walimu waliostaafu wawasaidie autodidactes. Mume aliyezoea kuhudumiwa ajifunze kuwasha makala. Na sisi sote tuache mzaha mlangoni mwa kanisa, kwa sababu neno moja la kucheka limewarudisha wengi nyumbani.

Yule atakayehesabu na kuona kwamba wakati wake wa masomo umepita, naye asihesabiwe kama aliyeshindwa. Aliyeketi, akahesabu, akachagua kubaki katika kazi yake, amefanya kazi ya mtu mzima sawasawa na yule aliyenunua daftari jipya. Wote wawili wawe na mahali pa kusema hayo kati yetu, bila haya.