Kunuka Kinywa: Si Laana, na Kunatibika

Katika jumuiya ndogondogo nyingi yupo mtu ambaye wenzake hawapendi kukaa karibu naye. Kwenye benchi anaachiwa nafasi. Akizungumza, watu wanageuza uso. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui sababu, maana pua huzoea harufu ya mwili wake. Anadhani anachukiwa. Akishajua, huenda akaacha kwaya, akaacha kusoma masomo kanisani, hata kitubio akakiogopa. Katika nyumba nyingine mume na mke hulala wamepeana mgongo, na hakuna anayethubutu kusema kwa nini. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tulizungumze jambo hili waziwazi.

Harufu hutoka wapi?

Watu wengi hudhani harufu mbaya hutoka tumboni, wakanunua dawa za minyoo au za tumbo bila kupimwa. Kwa kweli, mara nyingi chanzo kimo kinywani mwenyewe. Mabaki ya chakula hubaki katikati ya meno na juu ya ulimi, hasa kule nyuma karibu na koo. Vijidudu vidogo sana viitwavyo bakteria huyaozesha mabaki hayo, na katika kazi hiyo hutoa hewa yenye salfa, inayonuka kama yai viza.

Meno yasiposafishwa vizuri hufunikwa na utando laini. Utando huo ukikaa hugeuka kuwa ugaga mgumu, nao hauondoki kwa mswaki. Fizi huvimba, hutoa damu, na baadaye usaha. Meno yaliyotoboka, jipu la jino, na meno ya bandia yasiyosafishwa pia huleta harufu.

Jambo jingine ni ukavu wa kinywa. Mate ndiyo maji ambayo Mungu ametupatia ya kuosha kinywa mchana kutwa. Tukilala hupungua, ndiyo sababu kila mtu huamka na harufu kidogo. Hiyo si ugonjwa. Mate hupungua pia tukifunga, tusipokunywa maji ya kutosha, tukivuta hewa kwa mdomo, au tukitumia baadhi ya dawa. Tumbaku na pombe huongeza tatizo. Vitunguu, hasa saumu, harufu yake huingia katika damu na kutokea mapafuni. Kwa hiyo hata ukipiga mswaki itabaki kwa saa kadhaa, kisha itaisha yenyewe.

Wapo wanaoogopa kusafisha kinywa au kunywa maji kabla ya Misa, wakidhani watavunja mfungo wa Ekaristi. Ndugu msomaji, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 919, inadai saa moja bila chakula wala kinywaji kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Basi piga mswaki, kunywa maji, uende kanisani kwa amani.

Jipime mwenyewe

Ramba upande wa nyuma wa kiganja chako, ngoja pakauke, kisha nusa. Njia iliyo bora zaidi ni kumwuliza mtu unayemwamini: mwenzi wako, dada yako, au rafiki wa kweli.

Tufanye nini nyumbani?

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, ukitumia dawa ya meno yenye floraidi. Ule wa usiku kabla ya kulala usiukose kamwe.

2. Mswaki wa mti unafaa pia ukitumiwa vizuri. Tafuna ncha mpaka iwe laini, usugue kila jino, nje na ndani. Mswaki wa dukani ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu hivi, na kila mtu awe na wake.

3. Safisha ulimi kwa mswaki, taratibu, kuanzia nyuma kuja mbele.

4. Ondoa mabaki katikati ya meno kwa uzi safi wa meno. Usitumie pini wala waya.

5. Kunywa maji ya kutosha na punguza vitu vya sukari, hasa kati ya mlo na mlo.

6. Fizi zikiuma, sukutua kwa maji ya uvuguvugu: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja, kisha tema. Hii ni nafuu tu, haichukui nafasi ya daktari.

7. Meno ya bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe na kuwekwa katika maji safi.

Usiweke aspirini juu ya fizi, wala maji ya betri au mafuta ya taa katika jino. Vitu hivi huunguza na kuleta vidonda.

Lini twende hospitali?

Ukifanya hayo yote kwa wiki mbili na harufu ikabaki, nenda kwa daktari wa meno. Ataondoa ugaga, ataziba au kung'oa jino bovu. Kama meno ni mazima, chanzo huenda ni tonsili, pua, mapafu, figo au ini. Mtoto anayetoa makamasi yanayonuka kwenye tundu moja la pua huenda ameingiza punje ya mahindi au ushanga. Msijaribu kuitoa nyumbani.

Mambo mawili hayangoji hata siku moja. Kwanza, mgonjwa mwenye pumzi inayonukia kama matunda yaliyoiva mno, ambaye ana kiu kali, anakojoa sana, anatapika au anahema kwa nguvu. Hizo ni dalili za kisukari kilichofikia hatua ya hatari. Pili, mtoto mdogo aliyedhoofika kwa njaa au aliyetoka kuugua surua, ambaye fizi zake zina vidonda na kinywa kinanuka vikali. Huo waweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula shavu kwa siku chache na kuua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa, dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula bora humwokoa mtoto.

Mwisho

Tarehe 9 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, aliyevunjwa meno kwa ajili ya imani, naye ni msimamizi wa wanaoumwa meno. Siku mbili baadaye ni Siku ya Wagonjwa Duniani. Tusingoje siku hizo. Ukimwona mwenzako anakwepwa, usimcheke wala usimsengenye. Mvute pembeni, mkiwa wawili tu, umwambie kwa upole, na ikiwezekana umsindikize zahanati. Huo nao ni upendo wa jirani.