Mlaji wa peke yake ni mteja asiyehesabiwa Moshi

Msafiri anayeshuka stendi ya mabasi Moshi mchana akiwa peke yake, na njaa yake, hukuta nyama choma inapimwa kwa kilo. Nusu kilo inamshinda kuimaliza, na robo baadhi ya wachomaji huipima kwa kununa. Mwisho hununua soda na biskuti, akaondoka na fedha yake mfukoni.

Desturi hiyo ina mizizi. Uchagani nyama ni chakula cha watu wengi. Ndafu hukatwa mbele ya wageni harusini, na mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi, hunywewa kwa kupokezana kata. Anayekula peke yake huulizwa kama anaumwa. Lakini madereva, wanunuzi wa mazao na wauguzi wanaotoka zamu hula peke yao kila siku, nao wanalipa taslimu.

Huko San Sebastián, mji wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, baa zimejengwa juu ya mteja wa namna hiyo. Kaunta hupangwa vipande vidogo vya mkate vyenye samaki, yai au nyama, vingi vikiwa vimechomekwa kijiti, navyo huitwa pintxo. Mteja hula viwili amesimama, kisha huhamia baa ya jirani. Kwa desturi, bili hutokana na hesabu ya vijiti vilivyobaki. Mchoma mishikaki wa Moshi anaujua utaratibu huo bila kufundishwa na Mhispania yeyote.

Ugumu uko kwenye hesabu. Tuseme kilo ya nyama isiyo na mfupa imenunuliwa kwa Sh12,000 na kutoa mishikaki 20 ya gramu 50 kabla ya kuchomwa. Nyama pekee ni Sh600 kwa mshikaki. Mkaa, viungo, vijiti na ujira vikiwa Sh250, gharama inafika Sh850. Ukiuzwa Sh1,000, kilo nzima inaacha faida ya Sh3,000. Ila mishikaki minne ikilala, mapato yanakuwa Sh16,000 dhidi ya gharama ya Sh17,000, na muuzaji amechoma mkaa wake kwa hasara. Ndiyo maana mwenye uzoefu huitunga yote lakini huweka jikoni michache michache kadiri wateja wanavyofika. Mibichi hukaa kwenye ubaridi.

Mtori ni rahisi zaidi kupimia mtu mmoja. Bakuli dogo halihitaji mwenza, na sufuria moja hugawika kwa wengi. Kinachokosekana mara nyingi ni bei iliyoandikwa ukutani, kwani mgeni aliye peke yake huogopa kuuliza, akihofia kutajiwa bei ya mgeni.

Mkulima wa Marangu au Kibosho naye yumo humu. Mama lishe anayeuza mtori kwa bakuli hununua mshare kila baada ya siku chache, wakati mkungu wa harusi husubiri harusi. Kwa mwenye kihamba kidogo, mnunuzi wa kwanza ndiye wa kuulizwa anataka ndizi zilizokomaa kiasi gani, na siku ipi.