TALAKA: JE, NI LAZIMA KUWA NA WAKILI?

Ndoa inapoharibika, watu wengi vijijini huogopa kwenda mahakamani. Mmoja husema, "Sina fedha za wakili." Mwingine husema, "Mimi sheria siijui." Basi wananyamaza. Miaka inapita. Ng'ombe wanauzwa, shamba linauzwa, na watoto hawana matunzo.

Je, ni kweli kwamba bila wakili huwezi kudai talaka? Si kweli. Lakini kabla hujaamua, fahamu mambo yafuatayo.

Kwanza ni baraza

Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inasema kwamba mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza hilo liko katika kata. Yapo pia mabaraza ya dini yaliyokubaliwa na serikali.

Katika baraza, wakili haruhusiwi kukusemea. Utasema mwenyewe, au atakusemea mtu wa familia yako. Hapo mwenye fedha na asiye na fedha ni sawa.

Kazi ya baraza ni kupatanisha. Baraza halivunji ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati. Itunze hati hiyo vizuri. Fungua kesi kabla hati haijapita miezi 6. Ziko kesi zilizofutwa kwa sababu hati haikuwapo. Lakini kama mwenzako amekutoroka na hajulikani aliko, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila hati hiyo.

Pili ni mahakama

Kesi ya talaka inaweza kusikilizwa na Mahakama ya Mwanzo. Mahakama hiyo hutumia Kiswahili. Wengi husimama wenyewe na kujieleza. Ila kama ndoa haijatimiza miaka 2, lazima uombe kwanza ruhusa ya mahakama.

Hakimu atataka kujua kama ndoa imevunjika kabisa, haiwezi kutengenezeka. Eleza kwa utaratibu. Ulipigwa lini? Uliachwa bila matunzo tangu lini? Nani aliona? Leta mashahidi wako.

Usisahau mali na watoto

Hapa ndipo wengi wanapopoteza haki zao. Wanadai talaka tu, halafu wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Tuchukue mfano. Mume alinunua bati na saruji kwa fedha za pamba. Mke alipika, alilea watoto, alichota maji na kulima. Je, mke ana haki katika nyumba hiyo? Ndiyo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali. Kwa hiyo andika orodha ya mali yote mliyochuma pamoja. Ipeleke mahakamani.

Kuhusu watoto, mahakama hutazama kwanza faida ya mtoto. Baba ana wajibu wa kutoa matunzo hata baada ya talaka.

Sasa amua

Jiulize maswali haya:

1. Je, mnakubaliana juu ya watoto na mali?
2. Je, mali mnaijua yote, na hakuna iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine?
3. Je, mwenzako naye hana wakili?

Kama majibu yote ni ndiyo, unaweza kusimama mwenyewe. Kama jibu moja ni hapana, tafuta msaada kabla ya kufungua kesi. Ikiwa unatishiwa maisha, usingoje. Nenda polisi kwanza.

Huna fedha? Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Wako pia wasaidizi wa kisheria. Waulizie katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya yako.

Na kama hukuridhika na hukumu, unaweza kukata rufaa. Usikawie, maana muda wake ni siku 45.

Ndugu msomaji, kuuliza si ujinga. Msomee habari hii jirani yako asiyejua kusoma. Huenda ndiye anayeihitaji zaidi.