"Imetumwa" si "imefika"

MFANYABIASHARA wa vitenge aliyeko Mbale anabonyeza simu kumlipa mwenzake wa Jinja. Simu inajibu: "Imetumwa." Dakika kumi zinapita, Jinja hakuna kitu. Anabonyeza tena. Jioni pesa zinaingia mara mbili, na kuzirudisha kunageuka kesi.

Tangu huduma ya pesa kwa simu ianze Uganda mwaka 2009, wengi hulaumu mtandao kwa mambo kama haya. Hata hivyo, wakati mwingine kosa ni la programu iliyodhani kwamba kutuma ndiko kufika.

Programu inayozungumza na kompyuta nyingine hupitia mlango uitwao soketi. Yenyewe haisafiri na ujumbe. Huukabidhi kwa mfumo wa kompyuta, ambao huuweka katika ghala dogo liitwalo bafa, ungoje zamu ya kuondoka. Programu nayo huendelea na kazi nyingine. Ndivyo wateja wengi wanavyohudumiwa kwa pamoja bila mmoja kumsimamisha mwingine.

Ni sawa na kumpa utingo mzigo pale Mbale. Akisema "nimepokea", maana yake umo ndani ya lori, si kwamba umepita Tirinyi na Iganga na kushushwa Jinja.

Kwa hiyo mtengenezaji wa programu ana mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, mtandao ukiwa wa polepole ghala hujaa, na huenda nusu tu ya ujumbe ikapokelewa. Nusu iliyobaki lazima itunzwe hadi nafasi ipatikane. Pili, katika soketi moja, ujumbe wa kwanza umalizike kabla wa pili haujaanza, ama sivyo maneno yatachanganyika. Tatu, foleni iwe na kikomo, kwani foleni isiyo na mwisho hujaza kumbukumbu na kazi yote husimama. Nne, kila malipo yawe na namba yake, ili yakitumwa tena upande wa pili utambue kuwa ni yale yale.

Kanuni za TCP, zilizochapishwa Septemba 1981 na kupangwa upya Agosti 2022, huitaka kompyuta inayopokea irudishe stakabadhi. Lakini stakabadhi hiyo inathibitisha tu kwamba data zimeifikia kompyuta ile, si kwamba malipo yameandikwa daftarini. Uhakika huja pale programu ya upande wa pili inapojibu yenyewe.

Sisi tuliosomea uhamishoni tunalijua jambo hili. Barua ya nyumbani tulimkabidhi dereva, naye akaenda zake. Wazee walitufundisha kuandika namba juu ya kila barua, na hakuna aliyesema imefika mpaka jibu lilipoitaja namba hiyo.

Basi, msomaji, kabla ya kubonyeza mara ya pili, angalia salio lako, tafuta namba ya muamala, kisha mpigie mwenzako wa Jinja. Kuuliza hakugharimu kama kulipa mara mbili.