Lushoto: Mji wa Milimani, na Mambo Yafaayo Kufanywa Ukiuzuru

Tangu turudi kutoka Lushoto katika likizo ya Agosti, wenzetu wa vidato vya chini hawaachi kutuuliza, "Huko kuna nini cha kutazama?" Kwa kuwa mwakani kikundi kingine cha Jiografia kinatumaini kwenda, mwalimu ameniomba niandike kwa utaratibu yale yafaayo kufanywa huko, pamoja na yale tuliyoyakosea. Nami nina sababu yangu mwenyewe ya kuandika, nitakayoieleza mwishoni.

Safari yetu kutoka hapa Taita ilipita Voi na Taveta, tukavuka mpaka Holili, na tulipofika Himo tukashika barabara ya Same. Mkono wa kushoto milima ya Upare ilitusindikiza kwa muda mrefu, kisha ikaja ile ya Usambara. Mwalimu akatuambia tusiione kuwa migeni. Taita, Upare, Usambara, Uluguru na Udzungwa ni safu moja ya milima ya kale sana, nayo huitwa Tao la Mashariki. Sisi wa Taita tuko mwanzo wake upande wa kaskazini. Basi kwenda Lushoto ni kama kwenda kumwamkia baba mkubwa ambaye hujapata kumwona.

Mombo tuliteremka. Hapo pana joto na mashamba ya mkonge. Kutoka Mombo barabara hupanda kilometa 33 hivi, ikizunguka ubavu wa mlima, na dereva hupiga honi katika kila kona. Ukiweza, kaa dirishani, maana kabla ya kufika Soni utayaona maporomoko ya maji karibu na barabara. Masikio yetu yaliziba kwa kupanda, na wale waliokuwa wakijipepea Mombo wakaanza kutafuta masweta. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Agosti usiku wake una baridi kweli kweli.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuuzunguka mji wenyewe kwa miguu. Si mji mkubwa, umekaa bondeni na milima imeuzunguka pande zote. Wajerumani walipoitawala nchi waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Waliupenda kwa sababu hewa yake iliwakumbusha kwao. Utawala wao huko ulikwisha mwaka 1916, na leo jina lile limebaki vitabuni tu. Nenda sokoni asubuhi. Utakuta kabichi, karoti, viazi, maharage na pilipili hoho, na akina mama wakishusha matenga waliyoyabeba kichwani kutoka mabondeni. Mboga hizo hupakiwa katika malori zikapelekwa mbali, hata Dar es Salaam. Usiishie kutazama. Uliza bei, uliza shamba liko wapi na lanywa maji ya mto gani. Mimi nilijifunza zaidi kwa kununua karoti za kula njiani kuliko kwa kusoma ramani.

Jambo la pili ni kwenda Irente. Ni mwendo wa kilometa tano au sita kutoka mjini, nasi tulikwenda kwa miguu. Njiani tulipita shule ya wasioona, na shamba la kanisa la Kilutheri ambako huuzwa mikate, jibini na jamu. Kisha njia ikatufikisha kwenye mwamba, na hapo mlima umekatika ghafula. Chini yako, karibu mita 1,000, waiona nyika ya Wamasai imetandazwa mpaka macho yachoke, na barabara tuliyokuja nayo ni kama uzi. Msikaribie ukingo, na msisukumane hata kwa mzaha.

Hapo Irente mwalimu alitueleza kwa nini chini ni kukavu na juu ni kibichi. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na unyevu. Zikiupiga mlima hupanda, na zikipanda hupoa, na unyevu ule hugeuka mawingu na mvua. Msitu ulioko juu huyanasa mawingu. Majani hudondosha maji ya ukungu hata siku isiyo na mvua, na udongo wenye majani makavu na mizizi huyanywa maji kama sifongo, ukayaachilia kidogo kidogo chemchemini. Mlima usio na miti hupata mvua ile ile, lakini maji yake hushuka yote kwa siku moja, nayo hushuka na udongo.

Jambo la tatu ni kuutembelea msitu wa Magamba, ulio juu ya mji. Huo ni msitu wa hifadhi. Huingiwi hivi hivi, sharti ulipe ada ofisini na upewe mtu wa kukuongoza. Na hapa yanipasa nikiri kosa langu. Asubuhi ya siku ya pili mwalimu alikwenda ofisini kufanya taratibu hizo, akatuambia tumngoje. Mimi, niliyekuwa mkubwa kuliko wote na niliyepewa kuwaangalia wadogo, niliona kungoja ni uvivu. Nikawachukua wawili, mmoja wa Kidato cha Kwanza, tukapanda kijia kilichopita pembeni mwa msitu, tukisema tutarudi kabla hajatoka.

Ukungu ulishuka kabla hatujatembea nusu saa. Sikupata kuuona ukungu wa namna ile. Niliunyosha mkono wangu, vidole vikafifia. Tuligeuka kurudi, lakini kile kijia kilikuwa kimegawanyika mahali, nasi hatukujua ni wapi. Tulikwenda, tukasimama, tukaenda tena. Upande mmoja tulisikia maji chini kabisa, tukajua kuna bonde lenye kina. Yule mdogo akaanza kulia kimya kimya. Nilimshika mkono nikamwambia naijua njia, nami nilikuwa nasema uongo.

Tuliokolewa na mama mmoja aliyekuja kijiani amebeba mzigo wa majani kichwani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba. Mwatoka wapi, wanangu?" Nilipomweleza alitutazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza mimi, "Na huyu mdogo angepotea, mama yake ungemwambia nini?" Sikuwa na jibu. Aliutua mzigo wake, akaugawa, nusu akanitwika mimi, akasema, "Haya, nifuateni." Majani yale yana makali, yalinikata shingo mpaka tulipofika kwake. Kutoka hapo alimtuma mwanawe atufikishe barabarani. Nilipotaka kumpa fedha alikataa, akasema majani niliyoyabeba yametosha.

Mwalimu hakunichapa wala hakunifokea. Alininyang'anya tu kazi ya kuwaangalia wadogo, akampa mwenzangu. Adhabu hiyo ilinichoma kuliko fimbo.

Lakini kwa kubeba mzigo ule nilipata la kuuliza. Majani yale, aliniambia yule mama, ni ya gwatemala. Yeye huyapanda kwa mistari inayokata mteremko wa shamba lake. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka huzuiwa na mstari wa majani, na baada ya miaka kadhaa hapo huwa ngazi ya udongo tambarare. Majani yenyewe hukatwa akapewa ng'ombe aliye bandani, na samadi ya ng'ombe hurudi shambani. Kwa hiyo mstari mmoja unampa udongo, maziwa na mbolea.

Kesho yake tulikwenda Magamba kwa taratibu zilizo halali, tukiongozwa na mzee mwenyeji. Tuliwaona mbega weusi kwa weupe wakiruka juu ya miti mirefu. Mzee alituonyesha kinyonga, na mwalimu akaongeza kwamba kuna jamii ya vinyonga wa milima hii ambayo wataalamu, mwaka 2006, waliipa jina la Kinyongia, kutokana na Kiswahili chetu. Kuna pia lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda katika vyungu madirishani. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, nalo likajulikana kwa jina lake. Ndugu ya ua hilo huota kwetu Taita, katika msitu wa Mbololo. Ni wangapi kati yetu tuliopata kulitafuta?

Tulipopumzika nilimwuliza mzee juu ya mistari ya majani. Akasema Wasambaa wana maneno mawili ya zamani: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Zamani maneno hayo yalihusu wafalme, maana mfalme mwema aliaminiwa kuleta mvua na shibe, na ugomvi wa wafalme ulileta njaa. "Siku hizi," akasema, "kila mwenye jembe ni mfalme wa shamba lake."

Mwalimu alitueleza historia iliyo nyuma ya maneno hayo. Mwaka 1946, wakati wa Waingereza, serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kaskazini ya Lushoto, na baadaye ukaenezwa mahali pengine milimani. Watu walilazimishwa kufanya matuta, na asiyefanya alishtakiwa. Kazi ilikuwa nzito, watu wakachukia, wakapinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine, kwa msaada wa Ujerumani, wa kuhimiza mistari ya majani na upandaji wa miti mashambani. Nimeyafikiri sana mambo hayo mawili. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile, lakini mtu hawezi kuiponya nchi kwa kushikiwa fimbo. Majani ya yule mama yalidumu kwa sababu ng'ombe wake huyala.

Jambo la nne ni kwa wapendao historia. Si mbali na Soni kuna Vuga, uliokuwa mji mkuu wa wafalme Wakilindi. Mmisionari Krapf, yule wa Rabai, alifika Vuga mwaka 1848 akaonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai. Kabla ya kwenda, kisomeni kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichotolewa Nairobi mwaka 1962. Humo mna hadithi ya Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, aliyechukiwa na jamaa zake kwa kuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Alikimbilia Usambara, akawagawia watu nyama na kuwaamua ugomvi wao, hata wakamfanya mfalme. Mgeni aliyefukuzwa kwao akawa mtawala kwa sababu alikuja na kitu mkononi na haki kinywani.

Mtakaokwenda mwakani, shikeni haya machache. Chukueni hati za kusafiria mapema. Chukueni sweta zito, koti la mvua na viatu vyenye meno, maana vijia huteleza. Amkieni kila mtu njiani, mkubwa kwa mdogo. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na mkiambiwa ngojeni, ngojeni.

Sasa sababu yangu. Juu ya shamba letu nyumbani kuna kipande cha miti ya asili, si kikubwa. Chini yake kuna chemchemi ambayo nilipokuwa mdogo ilijaza debe upesi, na sasa mama hungoja sana. Baba alikuwa amekwisha kusema kwamba mwaka huu ataikata miti ile apate mahali pa mahindi, na karo yangu ni mojawapo ya sababu. Niliporudi nilimweleza niliyoyaona. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na mahindi utanunua wewe?"

Swali lake ni la haki, nami sikuweza kulijibu kwa maneno ya darasani. Nilimwomba tu anipe mteremko wa chini, ule ambao udongo wake umechoka. Mimi na mdogo wangu tumepanda hapo mistari minne ya majani ya ng'ombe, tukipima kwa kamba. Baba alikuja jioni akatazama, akauvuta mmoja kwa mguu kuona kama umeshika, akaenda zake. Miti ya juu bado imesimama. Mvua za masika ndizo zitakazosema kama mistari ile itazuia udongo, na kama shamba la chini litazaa kiasi cha kumfanya aliache la juu.

Ikiwa miongoni mwenu, wanafunzi wa zamani, yuko aliyefanya kazi kama hii shambani mwake, namwomba aliandikie gazeti letu, atueleze alipanda majani gani, na ng'ombe walikubali kuyala.